Kondoo wa Mama Bura

Kondoo yule hakujua kwamba mchezo umekwisha. Kila alfajiri, Anifa alipopita kwenye zizi la Mzee Tluway kule Qurus akiwahi kazini, alimkuta amesimama mbele ya wenzake, shingo juu, macho mlangoni, anasubiri kuitwa jukwaani. Ndivyo Anifa alivyomwona, na mimi sitabishana naye. Wewe na mimi tungeona kondoo mwenye njaa.

Mchezo wenyewe uliitwa Shamba la Katikati. Uliigizwa na vijana kumi na wanne wa kikundi cha Tusogee, chini ya Mwalimu Nikolaus, anayefundisha Kiswahili sekondari mjini Karatu na ambaye, tangu nimjue, hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo. Habari ya mchezo ilikuwa ya mkulima na mfugaji wanaogombea ardhi iliyo baina yao, mpaka wake zao wanachoka na kupatana wenyewe. Mradi mmoja wenye magari meupe uliwapa vijana fulana, mafuta na miezi minane ya kuzunguka. Wakacheza sokoni Karatu, wakacheza Qurus, wakaenda Kakesio kwa wafugaji, wakamalizia Wasso mwishoni mwa mwezi wa tano. Hapo wakapewa cheti na soda, wakapiga picha mbele ya bango, na mwakilishi wa mradi akasema yale maneno ambayo kila mtu wa kwetu huyajua kabla hayajatamkwa: mradi umefikia tamati. Miradi yetu ndivyo ilivyo. Huja na bango, huondoka na bango.

Wenzake Anifa walilia pale Wasso, wakakumbatiana, wakalala garini njia nzima, wakaamka wamepona. Anifa hakulia. Yeye alirudi Qurus na kondoo.

Ili umwelewe, inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Mama yake, Salima, alikuja kutoka Singida miaka ishirini na mitatu iliyopita, mimba ya Anifa tumboni, kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya Oldeani. Mwanamume aliyekuja naye alirudi kwao kusalimia, na hadi leo anasalimia. Kazi ya kahawa ilipopungua, Salima alishuka Qurus, akapata vyumba viwili kwenye boma la Mzee Tluway, na tangu hapo akawa mtu wa kupalilia mahindi ya watu na kupura mbaazi za watu. Watu wa Qurus ni wakarimu, hawajawahi kumnyima chumvi wala moto. Lakini kwenye misiba yao Salima hukaa na wapishi, na kwenye vikao vyao vya ukoo hana pa kukaa. Ukiuliza yule mama na binti yake ni akina nani, utaambiwa, “Ni wale Wanyaturu wa kwa Tluway.” Miaka ishirini na mitatu, na bado ni wale.

Sasa chukua msichana aliyelelewa hivyo, mvalishe shuka na shanga, mwambie kuanzia leo wewe ni Mama Bura, mke wa mkulima wa Kiiraqw, una shamba, una mji, una ukoo nyuma yako. Alimvaa Mama Bura mpaka akakaa. Alimpa Kiswahili kile cha kutokea kooni alichokisikia kwa akina mama wa Qurus tangu utotoni, akampa mkono kiunoni na jicho la pembeni. Walipocheza Qurus, wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na kesho yake kisimani walimsalimu kwa Kiiraqw, “Saita, Mama Bura!” Hakuna aliyesema wale. Kwa miezi minane Anifa alikuwa mtu wa mahali. Aliipenda hali ile kuliko alivyowahi kupenda kitu kingine chochote, na ilipokwisha aliona amerudishwa mlangoni.

Habari ya kondoo ilianzia Kakesio. Katika mchezo, mke wa mfugaji alitakiwa kumpa Mama Bura kondoo wa mapatano. Mke wa mfugaji aliigizwa na Anitha, mtoto wa muuza duka kutoka Machame, msichana mzuri mwenye sauti nzuri ambaye alikuwa hajawahi kushika kondoo ila mezani. Na kondoo mwenyewe alikuwa gunia. Walilijaza mabua, wakalishonea ngozi, wakalipa macho ya vifungo vya koti. Karatu lilipita. Mjini watu husamehe mengi.

Kakesio si Karatu. Pale walikaa watu ambao humjua kondoo kwa kikohozi chake. Anitha alipotokea amelibeba gunia kwa mguu mmoja wa nyuma, kicheko kilichopanda kilimchanganya, akasahau sentensi yake nzuri, akamrushia Anifa lile gunia kama mtu anayetupa mzigo darini. “Chukua, jirani,” alisema, “tuishi kwa amani.” Anifa alilidaka kwa mikono miwili, akainama, akashukuru kama alivyofundishwa.

Hapo mwanamke mzee mmoja aliyekaa juu ya jiwe aliinuka. Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yamelemewa na shanga. Kakesio nzima inamwita Ng'oto Lekoko, yaani mama yake Lekoko, na hakuna anayehitaji kumjua kwa jina lingine. Alipita katikati ya waigizaji asimwombe mtu njia. Alilichukua lile gunia mikononi mwa Anifa, akalinusa, akalitupa. Kisha akamwambia mwanawe neno kwa Kimaasai. Lekoko, mwanamume wa makamo mwenye simu mbili shingoni, alitoka mbio hadi kwenye mifugo iliyokuwa ikipita karibu, akarudi na kondoo jike mwekundu mwenye kipaji cheupe. Ng'oto Lekoko akaushika mkono wa Anifa, akauweka juu ya mgongo wa kondoo.

“Kondoo hapewi kwa kutupwa,” alisema kwa Kiswahili chake kichache. “Hapewi kimya.” Kisha akamtazama usoni, akasema neno moja: “Paker.”

Anifa akageuka kumtafuta Mwalimu. Neno hilo halikuwamo kwenye mchezo.

“Mjibu,” alimnong'oneza Lekoko. “Sema na wewe Paker.”

“Paker,” alisema Anifa, na wanawake wote wa Kakesio wakapaza sauti.

Mwalimu Nikolaus karibu apae. “Mama yule ni mwigizaji wa kuzaliwa!” alipiga kelele baada ya mchezo. “Ameingia mwenyewe! Ametuokoa!” Wote waliamini hivyo, kwamba mama mzee alipandwa na furaha akaingia mchezoni, na kwamba wameazimwa kondoo. Jioni Lekoko mwenyewe alimpakia kondoo kwenye gari, naye Mwalimu akamshukuru kwa moyo wa kuazima. Lekoko alimtazama kidogo, akasema asante, akafunga mlango wa gari.

Walipomaliza Wasso, mvua za mwisho zilikuwa zimeikata barabara ya Kakesio na gari la mradi lilitakiwa Arusha. “Anifa, wewe unakaa karibu na zizi,” Mwalimu alisema. “Kaa naye. Wiki ijayo tutamrudisha.” Basi akakaa naye.

Wiki ijayo ya Mwalimu ilifika, ikapita. Kikundi chao cha WhatsApp, ambacho zamani kililia tangu kabla jogoo hajawika, kilianza kupoa. Kwanza watu waliandika, “Nimewamisi sana familia.” Halafu zikaja picha za maua zenye kuwatakia Jumapili njema. Halafu mmoja akatoka, wa pili akatoka. Anitha akaenda Moshi kukaa dukani kwa shangazi yake. Anifa hakuandika neno hata siku moja. Alisoma tu.

Kazi yake ilikuwa katika jiko la hoteli moja mjini, kufungasha lanchiboksi za watalii wanaoshuka kreta. Saa kumi na moja alfajiri yupo mezani: paja la kuku, yai, ndizi, keki, juisi, funika. Ni kazi isiyotaka akili, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu akili yake ilikuwa Wasso. Midomo ilikuwa ikicheza maneno ya Mama Bura huku mikono ikipanga. Siku moja dereva alirudi amekunja uso: mgeni wake alifungua boksi kule kreta akakuta mayai manne, hakuna kingine. Vedasto, mpishi mkuu, mtu wa maneno machache na yote makali, alimwita pembeni.

“Binti, huyu unayezungumza naye kila siku hapa mezani ni nani?”

“Hakuna mtu, Chifu.”

“Basi mwambie huyo hakuna mtu asiguse mayai yangu.”

Anifa alikuwa na huzuni ambayo aliona hana haki nayo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemwacha. Angemwambia nani kwamba anamlilia mama mmoja wa Kiiraqw ambaye hakuwahi kuwepo? Mama yake angemwita mwendawazimu. Kwa hiyo jioni, akitoka kazini, alikaa zizini. Alimpa kondoo maganda ya ndizi, akamtamkia mchezo wote toka mwanzo hadi mwisho, sehemu za watu wote kumi na wanne. Maadamu kondoo yupo, alijiambia, mchezo haujaisha. Kimebaki kipande kimoja tu. Mwalimu alipompigia kuuliza habari ya kondoo, Anifa alisema barabara bado mbovu. Alipopiga tena, alisema kondoo anachechemea. Mara ya tatu hakupokea simu.

Mwezi wa saba kondoo akazaa. Mzee Tluway ndiye aliyeona kwanza, akaja kugonga dirisha kwa furaha kana kwamba mjukuu ni wake. Alikuwa mtoto jike, mwekundu kama mama yake.

“Haya, mwanangu, tumkate sikio alama gani?” aliuliza mzee siku chache baadaye, kisu mkononi. Mifugo yake yote ilikuwa na mkato mmoja kwenye sikio la kushoto, na mama kondoo alikuwa na mikato miwili ya kwa Lekoko. Mnyama asiye na alama hana kwao.

“Muache tu, Mzee,” alisema Anifa. “Si wangu.”

“Si wako, lakini unamlaza kwenye kanga ya mama yako.”

Tluway ana ulimi, lakini si mchokozi. Alicheka, akarudisha kisu.

Salima hakucheka. Alikuwa anapura mbaazi uani siku ile ya mwezi wa kumi Mwalimu Nikolaus alipofika mwenyewe kwa bodaboda, amechafuka vumbi hadi kwenye nyusi. Alimsalimu Salima, akakataa kiti.

“Anifa, leo nimekutana na mtu wa Kakesio sokoni,” alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema polepole. “Yule bibi anauliza habari za kondoo. Anamuuliza kila mwenye gari anayepita. Kazaa? Kazaa wangapi? Mwezi wa tano hadi leo, Anifa. Hawa ni wafugaji. Unajua mtu aliyekaa na mifugo ya watu anaitwaje kule?”

Anifa alijua. Neno lile hata katika Kinyaturu lipo.

Mwalimu alipoondoka, Salima aliweka fimbo yake ya kupuria chini. “Miaka yote niliyokaa hapa,” alisema, “sijawahi kuchukua hata punje ya mtu. Sina shamba, sina ukoo, jina langu ndilo ng'ombe wangu. Leo unaniuzia?”

“Sikuiba, mama. Nilishindwa tu kumwacha aende.”

“Nguo ya kuazima haisitiri matako, Anifa. Rudisha cha watu.”

Hapo ndipo alipolia, miezi mitano baada ya wenzake. Alilia kwa aibu na kwa kwikwi, na mama yake akamwacha alie mpaka mwisho, akamletea maji ya kunawa.

Siku ya Jumatano alipewa ruhusa na Vedasto, akachukua kibali cha afisa mifugo, akapata nafasi kwenye lori la Clemensi lililokuwa likipeleka unga na mafuta ya kula Endulen na Kakesio. Kondoo alifungwa nyuma kati ya viroba. Mtoto alikaa mapajani mwa Anifa, amezungushiwa kanga. Baada ya lango la hifadhi waliingia kwenye ukungu wa kule juu, mzito kiasi kwamba Clemensi alitoa kichwa nje kutafuta barabara, na Anifa akautumia ukungu ule kufanya mazoezi. Alikuwa ameitunga hotuba nzima. Ingesemwa na Mama Bura, kwa kuwa Mama Bura haogopi mtu: Bibi, nimekuja kurudisha amana yako na kizazi chake, naomba radhi kwa kuchelewa. Aliirudia mpaka Endulen. Clemensi alidhani anasali, akazima redio.

Kakesio walifika mchana, jua kali, upepo wa vumbi. Watoto walimwona akishuka wakamjua. Wakamjia mmoja mmoja, wakainamisha vichwa awaguse utosini, kama wanavyomfanyia mkubwa. Akawagusa. Ng'oto Lekoko alikuwa nje ya nyumba yake na wanawake wawili wakishona shanga, na Lekoko alikuwa karibu, anatafuta mtandao kwa simu zote mbili.

“Takwenya, Bibi,” alisalimu Anifa kwa Kimaasai.

“Iko,” alijibu mama mzee, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa kondoo. Alimshika meno, akambonyeza mgongo, akapapasa kiwele. Akamtazama mtoto. Uso wake ulifunguka wote.

Anifa akaweka mkono kiunoni, akaita sauti ya Mama Bura, akatoa hotuba. Lekoko aliitafsiri kipande kwa kipande. Kadiri alivyotafsiri, ndivyo uso wa mama yake ulivyojifunga, na mwisho wanawake wale wawili waliacha kushona.

Ng'oto Lekoko aliuliza jambo.

“Mama anauliza,” alisema Lekoko, “kondoo ana kosa gani?”

“Hana kosa.”

“Anapiga watu? Anakataa kunyonyesha?”

“Hapana! Ni kondoo mzuri.”

Lekoko akatafsiri. Mama mzee akasema neno fupi.

“Basi mama anauliza, kama kondoo hana kosa, yeye ndiye amekukosea nini mpaka unamrudishia?”

Anifa akamtafuta Mama Bura, akamkosa. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba. “Lakini, Bibi, tuliambiwa unamuuliza.”

“Aliuliza kama amezaa,” alisema Lekoko. “Alikupa huyu akiwa na mimba. Wewe ukimpa mtu kondoo mwenye mimba hutauliza?”

“Alinipa? Tulisema tumeazimwa. Ilikuwa kwenye mchezo. Ule ulikuwa mchezo, kaka.”

Hili Lekoko hakulitafsiri haraka. Alijikuna shingo, akalisema kwa sauti ya chini, akarudi nyuma hatua moja. Ng'oto Lekoko alizungumza kirefu, mkono ukionyesha kule uwanjani, kwenye jiwe lake.

“Mama anasema mchezo ulikuwa wenu. Yeye hakuwa mchezoni. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, akainuka. Anasema alikuona umetupiwa gunia, mbele ya watu, ukalipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Akasema, huyu mtoto ana adabu, na hakuna mtu anayempa kitu cha kweli. Akakupa. Mbele ya watu wote mkaitana Paker. Kwetu mtu akikupa kondoo, majina yenu yanakaa pembeni. Mnaitana Paker mpaka mmoja azikwe. Ukimrudisha kondoo, unamwambia hutaki kuwa wake.”

“Alimpa Mama Bura,” alisema Anifa, na machozi yalikuwa tayari. “Mimi si yule. Mimi wala si Mwiraqw. Si mtu wa kule.”

Ng'oto Lekoko aliuliza, na safari hii hata Anifa alielewa.

“Mama Bura ndiye nani?”

Lekoko akacheka kwa sauti. “Dada, mama yangu hajui Kiswahili cha kufuata mchezo. Aliona watu wanapiga kelele, basi. Huyo Mama Bura wenu hajawahi kumwona. Alikuona wewe.”

Anifa alikaa chini mavumbini palepale. Miezi mitano alikuwa amemwomboleza Mama Bura kwa kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipendwa, na kwamba bila yeye kilichobaki ni wale Wanyaturu wa kwa Tluway. Na hapa alikuwapo mtu aliyetazama mchezo wote bila kumwona mwingine ila Anifa. Alifurahi kwa namna iliyomuuma kifuani. Mtoto wa kondoo alitumia nafasi hiyo kumtafuna ncha ya kanga.

Mama mzee alimchukua yule mtoto, akamgeuza masikio, kulia, kushoto. Akanguruma.

“Hajakatwa,” alisema Lekoko. “Mama anasema umemlea kama mgeni.”

Ni kweli, alimlea kama mgeni. Anifa akasimama, akajipangusa magoti. Alikumbuka kwamba kondoo hapewi kwa kutupwa, wala hapewi kimya. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa Ng'oto Lekoko, ili apate kumpa. Wanawake wa jirani walikuwa wamesogea, watoto nao, na Clemensi ameacha viroba vyake. Ulikuwa uwanja wa watu thelathini hivi. Alifungua mdomo na hakuwa na mstari hata mmoja wa kusema, hakuna maleba, hakuna Mwalimu wa kumnong'oneza.

“Mimi naitwa Anifa,” alisema. “Mama yangu ni Salima wa Singida. Tunakaa Qurus, kwenye boma la Mzee Tluway, vyumba viwili vya kushoto. Hatuna shamba. Kondoo wako nimekaa naye, na nitaendelea kukaa naye, maana ni wangu. Huyu mtoto ameshaanza majani. Amezaliwa kwetu. Nakupa wewe, Bibi, kwa mikono miwili, na watu hawa wote wanaona.”

Lekoko alitafsiri kila neno, hata vile vyumba viwili vya kushoto. Anifa akaushika mkono wa mama mzee, mkavu na wa moto, akauweka juu ya mgongo wa mwana-kondoo.

“Paker,” alisema.

“Paker,” alijibu Ng'oto Lekoko, na wanawake wakapaza sauti kama siku ile ya mwezi wa tano. Safari hii Anifa alijua ni ya nani.

Walipokuwa wakirudi, lori tupu likiruka na kondoo akilalamika nyuma kwa ajili ya mwanawe, mtandao ulirudi kule juu ya kreta. Anifa alifungua kikundi cha WhatsApp, ambacho kilikuwa kimebaki na watu tisa, akaandika kwa mara ya kwanza: “Mchezo umekwisha. Kondoo ni wangu. Nitawaeleza.” Kabla hawajafika langoni zilikuwa zimeingia meseji arobaini. Anitha aliandika kutoka Moshi kwamba na yeye anadai gunia lake. Mwalimu Nikolaus alipiga, akapiga kelele kama kawaida yake, na Anifa akaisogeza simu mbali na sikio, akicheka.

Salima alipomwona anashuka na kondoo yuleyule alishika kichwa, mpaka alipoelezwa. Akaomba aelezwe tena. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mzee Tluway, kanga kiunoni, kumwambia kwamba yule kondoo mwekundu anayekaa zizini si wa kuazima, ni wa binti yake, na kwamba wana mtu wao kule Kakesio.

Nisikudanganye kwamba huzuni ilikwisha siku ileile. Alfajiri nyingine, akiwa mezani kati ya mapaja ya kuku na keki, kipande cha Mama Bura kilimjia ulimini, akakitamka polepole, akakiacha kipite. Lakini mayai yalikaa mahali pake. Vedasto hakusema neno, na kwa Vedasto hiyo ni sifa.

Wiki tatu baadaye, mvua za vuli zimeanza kugonga bati, dereva mmoja wa watalii asiyemjua mtu pale jikoni alichungulia dirishani, koti limelowa.

“Samahani, wakuu,” alisema. “Nimetoka Endulen. Kuna mama mzee wa Kimaasai kanikabidhi ujumbe, kaning'ang'ania mpaka nikaapa nitaufikisha. Anasema mtoto amekatwa sikio, majani yameota, na mwenzake anachelewa kuja kumwona. Hii ni hoteli ya nne naulizia. Eti hapa kuna mtu anaitwa Paker?”

Vedasto aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria, akawatazama watu wake mmoja mmoja. “Hapa hatuna mtu wa jina hilo,” alisema.

Anifa alifunika boksi lililokuwa mbele yake, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda dirishani.

“Tunaye, Chifu,” alisema. “Ni mimi.”